PETROLI IPI YAFAA MOTOKAA YAKO?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kinangop

Ofisi yetu ni ya kilimo, na mtu akija mlangoni kwa kawaida huja kuuliza habari za mbegu, au dawa ya ukungu wa viazi, au siku ya josho. Lakini tangu wakulima wa mashamba yetu ya makazi walipoanza kununua motokaa za kuchukulia viazi na maziwa, limezuka swali jingine, nami nimeulizwa mara nyingi hata nimeona heri niliandike jibu lake hapa lisomwe na wote. Swali ni hili: Katika vituo vingine vya petroli pana pampu ya Super, na kando yake pana pampu ya petroli nyingine ya bei kubwa zaidi, yenye jina la kujisifu. Je, nitie ipi? Na hiyo ya bei kubwa itanilipa?

Jibu fupi ni kwamba yakupasa kutia petroli ile ambayo injini yako iliundwa kuitumia. Ukitia iliyo chini yake, utaiharibu injini. Ukitia iliyo juu yake, utaharibu fedha zako. Lakini jibu fupi halimfai mtu asiyejua sababu yake, kwa maana kesho atakutana na mwenye maneno matamu kuliko mimi, naye atamgeuza. Kwa hiyo nawaomba mnivumilie kidogo, nami nitalieleza jambo hili kama nilivyozoea kueleza zamani nilipokuwa nikishika chaki.

Moto ulio ndani ya silinda

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu la mbele kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara ishirini. Sasa shika mwisho wa pampu ile: una joto. Hukuwasha moto wo wote. Joto hilo limetoka katika hewa uliyoibana. Kumbuka jambo hili, kwa kuwa maneno yote yanayofuata yametoka katika pampu hiyo ya baiskeli.

Ndani ya injini ya petroli, pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, kisha hupanda na kuibana mpaka iwe katika nafasi ndogo sana, kama sehemu moja kwa kumi ya ile ya kwanza. Mchanganyiko huo hupata joto, kama vile pampu yako ilivyopata. Hapo ndipo plagi hutoa cheche. Yatakiwa moto uanze penye plagi na uenee kwa utaratibu mpaka upande wa pili, ukiisukuma pistoni chini. Ni kama mkulima achomaye majani makavu shambani: huwasha upande mmoja, na moto hutembea, naye ausimamia.

Basi, tuseme majani ya upande wa pili yamekwisha pata joto kiasi cha kuwaka yenyewe kabla moto wako haujafika. Hapo pana mioto miwili, nayo yakutana. Katika silinda jambo hilo hutukia kwa nukta moja, na mshindo wake huipiga pistoni kama nyundo. Dereva husikia sauti kama ya changarawe ikitikiswa ndani ya mkebe, hasa motokaa ikiwa na mzigo na ikipanda mlima. Sisi twasema injini inagonga. Vijana wa gereji husema inanoki. Mgongo mmoja au miwili si kitu. Lakini ikigonga kwa saa nzima, yaweza kuunguza gasketi ya kichwa cha injini, kuvunja pete za pistoni, na hata kutoboa pistoni yenyewe.

Maana ya ile namba

Petroli nyingine hustahimili kubanwa na kupata joto bila ya kuwaka yenyewe, na nyingine haistahimili. Kipimo cha ustahimilivu huo ndicho kinachoitwa okteni. Wapimaji wana injini maalumu ya silinda moja, ambayo waweza kuibana zaidi au kuilegeza jinsi watakavyo. Wana pia mafuta mawili safi ya kulinganishia: moja hustahimili sana, nalo wamelipa namba 100, la pili hugonga upesi sana, nalo wamelipa 0. Petroli ikigonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za lile la kwanza na sehemu 5 za lile la pili, huitwa petroli ya okteni 95. Haina maana kwamba ndani yake mna sehemu 95 za kitu fulani. Ni alama ya mtihani tu, kama alama za hesabu za mtoto shuleni.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hudhani kwamba namba kubwa ni nguvu nyingi, kana kwamba petroli ya 95 ina moto mwingi kuliko ya 91. Sivyo. Lita moja ya hii na lita moja ya ile zina joto karibu sawa. Namba kubwa yasema jambo moja tu, kwamba petroli hiyo haiwaki mpaka iwashwe na cheche. Injini inayobana sana, au yenye turbo ya kusukumia hewa ndani kwa nguvu, yaihitaji petroli hiyo, nayo huitumia kutoa nguvu zake zote. Injini inayobana kwa kiasi haina haja nayo, na kuipa hakutaifanya ibane zaidi ya ilivyoundwa.

Ninyi mwajua mambo haya katika mahindi. Mbegu ya Katumani ilitengenezwa kwa nchi kavu, ikomae upesi kabla mvua haijakatika. H614 ilitengenezwa kwa nyanda za juu zenye mvua ndefu. Mkulima wa Makueni akinunua H614 kwa kuwa ameambiwa ni mbegu ya watu wakubwa, jua litamkuta shambani na mabua mabichi. Hakuna mbegu iliyo bora kila mahali, na petroli ni vivyo hivyo.

Utaijuaje haja ya injini yako?

Fungua kile kifuniko kidogo cha mahali pa kutilia petroli. Kwa ndani mara nyingi pamebandikwa karatasi au pamepigwa chapa. Kama una kitabu cha motokaa, tazama pia humo.

Motokaa nyingi zilizoko kwetu zilitumika kwanza Japani, na maandishi yake ni ya Kijapani, kwa hiyo watu huyapita kama mapambo. Si mapambo. Wajapani wana petroli za aina mbili. Ya kwanza huiita regyuraa, na kwa sheria yao haipungui okteni 89. Ya pili huiita haioku, nayo haipungui 96. Mpe kijana wako mwenye simu ya kupigia picha akupigie karatasi ile na aitafsiri. Siku hizi simu huweza kufanya kazi hiyo kwa dakika moja. Ikisema regyuraa, kazi imekwisha: petroli ya Super ya vituo vyetu iko juu ya 90, basi umeipa injini yako haki yake na ziada kidogo. Probox, ambayo imebeba viazi vya nchi hii kuliko ilivyostahili, ni ya regyuraa. Fielder vilevile. Mwenye Probox atiaye petroli ya bei kubwa kila juma amfaidia mwenye kituo.

Karatasi ikisema haioku, mambo ni mengine. Hapo nakuomba uangalie injini, si jina la gari. Subaru Forester mbili zaweza kusimama pamoja sokoni, rangi moja na umbo moja, lakini moja haina turbo nayo yatosheka na regyuraa, na ya pili ina turbo nayo yataka haioku. Mnunuzi wa motokaa iliyokwisha tumika asiridhike kuambiwa "ni Forester". Na afungue kifuniko kabla ya kufungua mkoba.

Motokaa za Ulaya mara nyingi huandikwa 95. Hesabu ya Ulaya na ya Japani ni ya namna moja na ile itumiwayo hapa petroli, kwa hiyo hapana taabu. Taabu iko katika hesabu ya Marekani. Vijana wetu husoma katika simu kwamba gari fulani hutumia petroli ya 87, kisha huja kuniambia kwamba hata mafuta ya chini kabisa yatalifaa. Wamarekani hupima kwa njia mbili, moja nyepesi na moja ngumu, kisha huandika kati na kati, kwa hiyo namba zao hutokea ndogo. Hiyo 87 yao ni karibu 91 au 92 ya hesabu tuitumiayo sisi.

Tazama pia neno lililotumika katika kitabu. Kikisema petroli ya juu ni ya lazima, usibishane nacho. Kikisema yapendekezwa tu, injini itakubali ya chini kidogo. Motokaa za miaka hii zina kisikizi kidogo kilichofungwa kwenye injini. Kikisikia mgongo, kompyuta ya gari huichelewesha cheche, na mgongo hutulia. Lakini hakuna kinachopatikana bure. Cheche ikichelewa nguvu hupungua, na petroli huliwa zaidi. Motokaa ya zamani ya kabureta haina kisikizi cho chote, na sikio pekee ni lako.

Hewa ya mlimani

Sisi wa Kinangop tumepewa msaada ambao hatukuuomba. Hapa kwetu tuko kama mita 2,500 juu ya bahari, na kani ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa nyepesi, na hewa nyepesi ikibanwa haipati kani sawa na ile ya pwani. Kwa hiyo huku juu injini hugonga kwa shida. Ndiyo sababu katika majimbo ya milimani ya Marekani huuzwa petroli ya namba ndogo kuliko ya mahali pengine.

Lakini mambo mawili ni ya kuangaliwa. Kwanza, turbo huufuta msaada huo, maana kazi yake ni kuirudisha hewa iliyopungua. Pili, motokaa iliyotulia hapa yaweza kugonga ikiteremka mpaka Mombasa na mzigo wakati wa joto. Anayesafirisha kabichi pwani asipime kwa mahali alipolala, ila kwa mahali aendako.

Daftari la petroli

Mwenye kituo atakuambia kwamba petroli yake ya bei kubwa yakupeleka mbali zaidi. Usimwite mwongo, wala usimsadiki, mpime. Jaza tangi mpaka juu, uandike namba ya kilomita iliyoko kwenye saa ya gari. Tumia gari kama kawaida. Utakapojaza tena mpaka juu, andika lita zilizoingia na kilomita ulizokwenda, ugawanye. Kama ulikwenda kilomita 360 na zimeingia lita 30, umepata kilomita 12 kwa lita moja. Fanya hivyo mara tatu kwa Super, kisha mara tatu kwa ile ya pili, njia ileile na mzigo uleule. Mara moja haitoshi, kwa maana siku ya matope na siku kavu hazilingani.

Tuseme, kwa mfano tu, Super ni shilingi 180 kwa lita na ile nyingine 195. Kama Super yakupeleka kilomita 12, ya pili sharti ikupeleke 13 ndipo mlingane, na zaidi ya hapo ndipo upate faida. Katika injini ya regyuraa sikutazamii kuiona hiyo kilomita moja. Na kama watia lita 40 kila juma, tofauti ya shilingi 15 ni shilingi 600 kwa juma, nayo ni 31,200 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe hiyo ni mifuko mingapi ya mbolea.

Nisiwaonee wauzaji. Petroli za bei kubwa mara nyingi hutiwa dawa za kusafisha njia za petroli ndani ya injini, na dawa hizo zafanya kazi kweli. Mtu akijaza tangi moja mara chache kwa mwaka hajafanya upumbavu. Kujaza kila juma ndiko ninakokukataa.

Petroli ya risasi

Wazee watauliza juu ya ile petroli ya zamani, ambayo wengine bado waikumbuka kwa harufu yake. Mwaka 1921 mtaalamu wa Marekani, Thomas Midgley, aliona kwamba dawa yenye madini ya risasi ikitiwa kidogo tu katika petroli huzuia injini kugonga. Ilikuwa njia rahisi ya kuipandisha okteni, na dunia nzima ikaifuata. Lakini risasi ni sumu. Moshi wake huingia mwilini, na huharibu akili za watoto wadogo. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha mwisho wa mwaka 2005, Kenya ikiwamo. Nchi ya mwisho duniani kuiuzia motokaa ilikuwa Algeria, iliyoiacha mwezi wa Julai 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake hapa Nairobi.

Sasa okteni hupandishwa kwa namna ya kusafisha mafuta kiwandani na kwa dawa nyingine. Mwenye Land Rover ya kale sana iliyokuwa ikitumia petroli ya risasi amwulize fundi wake habari za viti vya valvu, kwa kuwa katika baadhi ya injini za kale risasi ndiyo iliyovilinda visilike. Wengine wote hamna haja ya kuifikiri tena.

Zamani pia vituo vilikuwa na pampu ya Super na pampu ya Regular, na mkulima aliweza kuchagua ya chini. Regular haiuzwi tena vituoni. Kwa hiyo utasema: kama ya chini haipo, basi nitapataje kutia petroli iliyo chini ya haja ya injini yangu? Waweza kuipata bila ya kujua, nami nitawaambia ilivyonipata.

Namba inapoporomoka njiani

Mwaka 2017 mimi na ndugu yangu tulichanga fedha tukanunua pikapu ya petroli iliyokwisha tumika. Mwezi wa Machi, mvua ikitisha, tuliteremka Naivasha kuchukua mifuko 16 ya mbolea, yetu na ya majirani wawili waliotuamini na fedha zao. Kabla ya kupanda kurudi, mtu mmoja kando ya barabara alituuzia lita 20 kwa jerikani, bei yake ikiwa chini ya ya kituo. Ndugu yangu alisita. Mimi ndimi niliyesema tununue.

Tulipoanza kupanda nilisikia ile changarawe katika mkebe. Nilijua sauti ile ni nini, kwa kuwa nimeisoma vitabuni. Lakini nilijiambia ni valvu tu zinazolia, nikaongeza sauti ya redio, nikakaza mguu katika gia ya tatu ili tufike kabla ya mvua. Karibu na juu nguvu zilikatika na moshi wa samawati ukatoka nyuma. Fundi alipofungua, ukingo wa pistoni moja ulikuwa umeliwa kana kwamba na panya, na gasketi imeungua. Alichovya kitambaa ndani ya tangi akaninusisha. Yalikuwa mafuta ya taa.

Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno. Ukiyachanganya na Super, namba huporomoka, ijapokuwa muuzaji bado aiita Super. Siku zile mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, na wachanganyaji walipata faida kubwa. Mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida hiyo ikatike, na wakaguzi hupima mafuta vituoni. Tena katikati ya kila mwezi EPRA hutangaza bei za juu kabisa za Super, dizeli, na mafuta ya taa kwa kila mji. Ukiona petroli yauzwa kando ya njia kwa bei iliyo chini mno ya hiyo, jiulize huyo muuzaji apata wapi faida yake.

Sisi tulilipa kwa mtamba mmoja aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Mbolea ya majirani ililala chini ya turubai siku nane, na mmoja wao alipanda viazi vyake bila mbolea. Hakunilaumu, na hilo lilinisumbua kuliko kama angalinilaumu.

Pana jaribio jepesi, ambalo laiti ningalilifanya siku ile. Nenda mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Tia tone moja la petroli juu ya karatasi nyeupe safi, usubiri. Petroli safi hukauka kwa dakika chache bila ya kuacha alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilokauka upesi. Jaribio hili halitakuambia okteni ni ngapi, wala halitaona mchanganyiko mdogo sana, lakini wizi mkubwa litauonyesha.

Na ikiwa petroli mbaya imekwisha kuingia na waisikia injini ikigonga, usikaze mguu. Ulegeze, uteremshe gia ili injini izunguke kwa wepesi, upunguze mzigo kama waweza, na ufike kwa fundi au kituo pole pole. Injini hugonga zaidi inapozunguka polepole huku imelemewa. Kama tangi bado lina nafasi, kuongeza petroli ya okteni kubwa kutoka kituo unachokiamini kutasaidia. Hii ndiyo siku moja ambayo mwenye Probox aweza kuinunua ile ya bei kubwa bila ya mimi kumcheka. Lakini kama ni dizeli iliyotiwa kwa makosa, usiwashe injini kabisa. Tangi lifunguliwe na kumwagwa.

Mashine ndogo

Pampu ya maji, jenereta, msumeno wa miti, na pikipiki ya kupelekea maziwa, hizi kwa kawaida hubana kwa kiasi, na Super yazitosha. Zile za kuchanganya petroli na oili sharti zichanganywe kama kitabu chake kisemavyo. Wengi huua misumeno yao kwa kusahau oili, kisha hulaumu petroli.

Jambo jingine ni la petroli iliyowekwa. Mkulima hununua jerikani wakati wa kiangazi apate kumwagilia, kisha mvua hunyesha na jerikani hukaa stoo mpaka kiangazi kijacho. Petroli si asali. Sehemu zake nyepesi huruka, iliyobaki huanza kugeuka gundi, na mashine hukataa kuwaka. Nunua ya majuma machache tu, chombo kiwe kimefungwa sana, kikae kivulini na mbali na jiko na mahali wanapolala watoto, nawe uandike juu yake kwa chokaa tarehe uliyoinunua. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda.

Kwa wenye Forester, wawili wamekuja ofisini tangu Januari na picha za vifuniko vyao. Mmoja ana turbo na mwingine hana. Asiye na turbo ndiye aliyekuwa akitia ile ya bei kubwa.